Kitambaa Kilichobaki Kwenye Sinia

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta kwenye kiti chako cha dirishani, miguu juu ya kigoda, na Dada amekaa mbele yako, miwani puani, tayari kukusomea. Dada, shikamoo na wewe. Soma taratibu tafadhali, usisome kama mtangazaji wa mpira. Mimi huku ni mzima. Kile kikohozi kiliondoka bila kuaga, nakula vizuri, na mwenye nyumba hatimaye ameziba lile tundu la bati lililokuwa likinidondoshea maji kitandani. Habari za magoti yako? Na presha? Yale matone ya macho bado yanawasha, au ulikuwa unasingizia tu ili usiwekewe? Nisalimie jirani yetu mshona viatu, mwambie vile viatu alivyonitengenezea vimenifikisha mbali kuliko nilivyotarajia, kama utakavyosikia.

Kabla sijaendelea, Dada, nakuomba kitu kimoja: usiruke mstari. Unakumbuka mwaka ule uliporuka aya nzima ya barua ya shangazi kwa sababu ilikuwa na habari za msiba, na mama akakuambia urudi nyuma, maana pumzi yako ilikatika mahali pasipo na nukta. Tangu siku hiyo sheria ya nyumba yetu ni kwamba kilichoandikwa husomwa chote, kitamu na kichungu. Leo ndiyo siku ya kuishika sheria hiyo. Nilifikiria kupiga simu nikaona haifai. Kwenye simu ningelia, mama angeniambia ninyamaze, nami ningenyamaza, na jambo lenyewe lingebaki pale pale.

Mama, Dada ameniandikia kwa siri. Najua hapa amesita na kukohoa kidogo; Dada, nisamehe, leo siri zote zinatoka nje. Ameniandikia kwamba akili yako imeanza kuyumba. Anasema kila jioni, ukishamaliza kutuombea sisi, unakishika kile kitambaa nilichokutumia na kumwombea mtu ambaye yeye hamjui, jirani hamjui, wala hajawahi kuwapo katika ukoo wetu. Alipokuuliza ni nani, ulimjibu kwamba hata wewe humjui. Basi ameingiwa na hofu. Anataka kumwambia daktari aahirishe upasuaji wa Alhamisi ijayo mpaka kichwa chako kitulie. Na wote watatu tunajua daktari alivyosema: nafasi hii ikipita, nyingine ni baada ya miezi minane, na jicho lako la kulia halina miezi minane ya kungoja.

Dada, mama hajachanganyikiwa. Aliyechanganyikiwa ni mimi, na nina miezi miwili sasa nikiwa hivyo. Naamka asubuhi nashona shuka la hospitali upande wa ndani nje. Msimamizi wetu amenitania kwamba wagonjwa wataanza kulala chini ya kitanda badala ya juu yake. Kwa hiyo acha nieleze tangu mwanzo, na nikichanganya mambo mnivumilie, maana hata mimi sijayaelewa.

Unakumbuka, mama, ulivyomkatalia daktari. Ulisema jicho lako halitaguswa na kisu kabla halijaguswa na shahidi, na daktari akaandika hivyo hivyo kwenye faili huku akikuna kichwa. Ukatukumbusha safari ya bibi, aliyekwenda kwa miguu hadi kanisa lile la kale, linalohifadhi mfupa wa shahidi huyo, mtakatifu aliyeifia imani, kuombea mikono yake, na masharti aliyorudi nayo: kitambaa kiwe cheupe, kikatwe na kushonwa pindo kwa mkono wa yule mwenye shida, kisiandikwe jina wala kutiwa alama yoyote, kwa sababu shahidi anawajua watu wake. Uliponipa kile kifurushi cha karatasi ya kaki ulichokifunga kwa uzi, ulinionya nisikifungue njiani. Nikakutii. Nitarudi kwenye utii huo, maana ndio ulioniponza.

Nikiri la kwanza, dogo. Nilikwenda ili kukuridhisha tu. Mimi nashinda siku nzima katika chumba cha kushonea cha hospitali, naziba matundu ya magauni ya madaktari wa upasuaji, na najua mtoto wa jicho hutolewa na mtu aliyesomea. Nilipoomba ruhusa ya siku tatu, msimamizi aliniuliza naenda wapi, nikajibu ni mambo ya kifamilia. Niliona haya kusema naenda kugusisha kitambaa kwenye mfupa.

Kanisa lenyewe liko juu ya mtaa wa zamani, limebanwa kati ya duka la vipuri vya baiskeli na ukuta wa shule. Ngazi zake zimelika katikati kwa nyayo za watu, hata ukipanda lazima uchague kutembea ukutani au shimoni. Mlango ni mfupi. Mtu mrefu huingia ameinama, apende asipende, na nadhani ndivyo walivyokusudia. Ndani kuna harufu ya nta na ya mawe yenye unyevu, na baridi ambayo nje haikuwapo. Karibu na mlango kuna kibao kilichoandikwa kwamba humo mmehifadhiwa mfupa wa mkono wa kulia wa shahidi na kipande cha vazi lake. Mzee mtunza kanisa, aliyetupokea na funguo kiunoni, akatueleza kwamba ni mkono wa kushoto. Mama mmoja mwenye mwavuli akamuuliza imekuwaje kibao kiseme kulia. Mzee akajibu kwamba ni wa kulia kwa anayetazama na wa kushoto kwa mwenyewe. Tukatazamana. Mfupa umelala peke yake ndani ya sanduku la kioo, hauna mwenyewe wa kuutazama kutoka upande wa pili. Lakini mzee alisema kwa uhakika mkubwa, nasi sote tukaitikia kwa kichwa kana kwamba tumeelewa.

Sikujua nitahisi nini nikifika mbele ya masalia. Nilidhani nitatetemeka, au sitahisi kitu kabisa. Mfupa ni mdogo, mama, hauzidi rula ya shule, umekuwa wa rangi ya chai iliyokaa. Walio mbele yangu walipiga magoti, mmoja akalia kwa sauti. Mimi nikainama ili nilione vazi. Ni kipande kidogo kisichozidi kiganja, na katikati yake kuna kiraka. Kiraka, mama! Nikasahau sala zote ulizonituma. Nikawa natafuta mshono ulivyokwenda, nani alikitia, kabla ya kifo chake au baada yake. Pindo la upande mmoja lilikuwa limekwenda upogo. Nilimuuliza mzee nani alishona, akasema ni shahidi mwenyewe. Baada ya muda nikamsikia akimwambia mtu mwingine kwamba kiraka kilitiwa na masista mamia ya miaka baadaye. Nilitaka kumuuliza tena nikaona nitaonekana mbishi. Ndivyo nilivyosimama mbele ya kitu kitakatifu ambacho bibi alikifuata kwa miguu, nikikikagua kama mkaguzi wa kiwanda.

Sasa sikiliza jinsi vitambaa vinavyogusishwa. Unapoingia, sista mmoja anapokea vifurushi vyote mlangoni. Yeye ndiye anayevifungua, anatupa karatasi, anavikunja vitambaa mraba na kuvipanga kwenye sinia la bati. Siku hiyo vilikuwa kumi na moja. Mzee analichukua sinia, anaingia nyuma ya wavu wa chuma, anafungua kidirisha cha sanduku na kukigusisha kila kimoja kwenye mfupa, pole pole, bila kuharakisha hata kimoja. Kisha sinia linarudishwa, linawekwa juu ya benchi, na kila mtu anachukua chake. Hakuna namba wala majina. Sista alituambia tu kwamba kila mtu anaijua kazi ya mkono wake.

Vilipobaki viwili, tulibaki wawili: mimi na mwanamume mnene kidogo, mwenye unga kwenye kucha. Baadaye nilijua ni mwoka mikate. Kwenye sinia kulikuwa na kitambaa kimoja kilichoshonwa vizuri ajabu, pindo jembamba kama uzi wa kiatu, kona zimekaa. Kingine pindo lake lilipanda na kushuka, hapa nene, pale limefumuka. Sikufikiri hata kidogo. Niliunyoosha mkono nikachukua kile kizuri. Mama, mimi nimekua nikisikia watu wakisema pindo lako halionekani hata ukilitafuta kwa mshumaa. Maharusi walikuja na vitambaa vyao kutoka mbali kwa ajili ya pindo lako. Nami nilikuwa nimekutii, sikukifungua kifurushi njiani; ningewezaje kudhani kwamba kile kingine ndicho chako? Hata nilimhurumia yule mwanamume kwamba mkewe hajui kushona. Yeye alisita, akanitazama, akafumbua mdomo, akaufumba. Kisha akakichukua kilichobaki na kukitia mfukoni.

Nilifika kwenye chumba cha wageni mchana ule ule, nikaketi kitandani, nikakikunjua. Nilitaka kujifunza. Nilitaka kuona umewezaje, na macho yale, kushona pindo la namna ile. Jambo la kwanza nililoona ni fundo. Kulikuwa na fundo mwanzoni mwa uzi na fundo mwishoni, na mafundo mengine madogo kila baada ya shubiri. Wewe! Wewe uliyenipiga vidole kwa kastabani kila nilipofunga fundo, ukisema fundo ni uvivu, uzi hufungwa kwa kurudi nyuma mara mbili. Halafu nikatazama mishono ilivyolala. Imelala upande usio wake. Nikaigeuza, nikaigeuza tena, mpaka kichwa kikaanza kuuma. Kitambaa kile kilishonwa na mtu wa shoto.

Nilirudi mbio kanisani. Sista alinisikiliza, akamwita mzee, na mzee akasema haoni shida iko wapi, kwa kuwa vitambaa vyote vimeguswa sawasawa. Nikamwambia hiki si cha mama yangu. Akaniuliza kama nadhani neema inasoma pindo. Sista akasema hapana, masharti ni kwamba mwenye shida ashone mwenyewe, kwa hiyo kila kitambaa kimebeba shida ya mwenyewe. Wakaanza kubishana wao kwa wao, mimi nimesimama katikati na kitambaa cha watu mkononi. Mzee anasema ni vile vile, sista anasema si vile vile, na wote wawili wameishi na ule mfupa miaka yote. Sasa mimi wa kuja siku moja nishike lipi? Mwishowe sista akanielekeza kwa mwoka mikate, kwenye njia panda chini ya kanisa.

Nilimkuta kesho yake asubuhi, anatoa mikate jikoni. Aliponiona hakushangaa. Alisema alijua pale pale kwenye sinia kwamba nimechukua chake, kwa sababu alimwona mkewe akikishona kitandani wiki nzima. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba nilikichukua kwa uhakika kiasi kwamba alianza kujitilia shaka mwenyewe. Yeye mambo yake ni unga, nani angemsikiliza kuhusu nyuzi? Akafuta mikono, akaniambia nipande juu, mkewe angependa kuniona.

Chumba chao kiko juu ya tanuri, kwa hiyo kina joto daima. Mkewe alikuwa ameegemezwa kwa mito mitatu, amekonda, lakini macho yake yalikuwa makali kama ya muuza duka. Madaktari walikuwa wamemrudisha nyumbani. Walikuwa wamempa wiki moja. Kitambaa chako, mama, kilikuwa kwenye mkono wake wa kushoto. Alinieleza kwamba mumewe alipomkabidhi, alicheka hadi mbavu zikamuuma, akauliza kama kimeshonwa na mbuzi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu alale pale. Kisha akakitazama vizuri. Akaona hakuna fundo hata moja, akaona uzi umerudi nyuma mara mbili kila mahali unapopaswa kurudi, akaona kona zimekunjwa kifundi. Akaacha kucheka. Alimwambia mumewe kwamba huyu si mtu asiyejua kushona, huyu ni fundi aliyekimbiwa na macho yake.

Nikaomba nikishike. Mama, sikuwa nimewahi kuiona hali yako mpaka nilipoishika ile kazi. Nilikuwa nakuona ukipapasa kikombe, nakusikia ukisema taa ya nyumba hii ni hafifu siku hizi, nikafikiri ni uzee wa kawaida tu. Kwenye pindo lile niliona mahali sindano ilipotafuta kitambaa ikakikosa, ikarudi, ikakosa tena. Kwenye kona moja kulikuwa na doa la kahawia, dogo kama kichwa cha pini. Ulijichoma na hukujua kwamba damu imebaki. Nililia mbele ya mgonjwa, ikawa yeye ndiye ananibembeleza mimi.

Nilimpa kitambaa chake, nikanyoosha mkono nichukue chako. Akakataa. Alisema ameshaanza kumwombea mwenye kitambaa kile tangu jana, na yeye si mtu wa kuacha kazi katikati. Alisema kujiombea mwenyewe kumemchosha, haoni tena cha kuongeza, lakini kumwombea fundi asiyemjua kumempa kitu cha kufanya. Akaniambia nichukue chake nikupelekee wewe, nikueleze kimetoka kwa nani, na nikuombe nawe umwombee. Alitaka tubadilishane, hivyo tu, kama majirani wanavyobadilishana vyombo. Akanitaka niahidi. Nikaahidi, mama. Nilimshika ule mkono wa shoto nikaahidi, nikamwachia mumewe anwani yangu, nikaondoka.

Hapa ndipo penye lile kubwa. Dada, endelea kusoma.

Sikutimiza. Nilikutumia kitambaa na kijikaratasi chenye maneno matatu tu, kwamba kimeguswa na shahidi. Njia nzima ya kurudi nilijiambia kwamba ukijua kitambaa si chako utakataa kisu, na nilijiona mwenye busara. Lakini hiyo haikuwa sababu, ilikuwa kisingizio. Sababu ni kwamba, ili nikueleze, ingenibidi niseme: mama, pindo lako limekuwa la kuchekwa, nimeliona kwenye sinia nikalikataa. Nimekukana mbele za watu kwa sababu ulikuwa umeshona vibaya. Neno hilo lilinishinda. Nikaona bora nikudanganye wewe uliyenizaa, na nimwache mgonjwa aliyeniamini akingoja sala ambayo hakuna aliyeombwa aisali. Wanasema mficha uchi hazai. Mimi nilificha aibu nikazaa usingizi wa mang'amung'amu.

Wiki mbili zilizopita mwoka mikate aliniandikia. Mkewe alifariki Jumapili asubuhi, wakati mikate ya kwanza inatoka. Madaktari walimpa wiki moja, naye alikaa sita. Mumewe anasema alikuwa akiuliza kila siku kama jicho la fundi limeshafanyiwa. Anaomba radhi kwamba kitambaa chako kimezikwa naye, kimezungushiwa ule mkono wake. Katika vurumai ya msiba hakukumbuka kuniuliza kwanza. Akamalizia kwa kukushukuru wewe kwa sala zako. Mama, niliisoma barua ile kwenye chumba cha kushonea, cherehani zote zinaunguruma, nikajiona mwizi. Nilitaka kumjibu kwamba hakuna sala yoyote, kwamba nilikaa nayo mimi. Nimeanza barua hiyo mara nne na kuichana mara nne.

Ndipo Jumatatu ikaja barua ya Dada. Dada, ulijaza kurasa tatu za wasiwasi, na katikati ukaandika maneno ambayo mama huyasema jioni, ili nione jinsi alivyoharibika. Uliandika kwamba tangu jioni ile ile kifurushi kilipofika, kabla hata hajakiweka machoni, mama alilipitisha pindo kwenye kidole gumba mara tatu, na usiku huo akasali hivi: umkumbuke yule wa shoto anayefunga mafundo mengi, maana mtu wa namna hiyo anaogopa kitu kisikatike. Nawe ukaongeza, kwa hati kubwa, kwamba nyumbani kwetu hakuna shoto.

Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, nikaketi chini kwenye ngazi, na majirani wakanipita wakidhani nimeteguka mguu.

Kwa hiyo ulijua. Ulijua siku ya kwanza, kwa kidole kimoja, kile ambacho mimi na macho yangu mawili sikukiona mpaka nilipofika chumbani. Ulijua kitambaa si chako, na ukanyamaza ili nisiaibike, kama nilivyonyamaza mimi ili usiaibike wewe. Tumedanganyana kwa adabu miezi miwili. Na ile ahadi niliyoizika, ulikuwa ukiitimiza kila jioni bila kuambiwa. Zile wiki sita, je, zilikuwa zako? Au wagonjwa wengine hukaa tu? Na kama sala zilifika, mbona alikufa? Nimejaribu kumwuliza shahidi, nikajikuta nawaza tu kama mkono wake ni wa kulia au wa kushoto. Sijui, mama. Nimekaa na jambo hili usoni pangu, na sijui nilishike upande gani.

Ninalolijua ni moja. Ulitaka jicho lako liguswe na mtakatifu kabla ya kisu. Mimi nasema limeguswa. Kuna mtu alikuwa na wiki moja ya kuishi, na akaitumia kuuliza habari za jicho lako. Nakuomba usiliache jicho hilo lipotee. Dada, usimwambie daktari chochote. Mwambie tu mgonjwa wetu ana akili kutuzidi sote, na Alhamisi mfike mapema. Na kama, baada ya kusikia haya, mama atasema hataki kwenda, basi msomee tena kuanzia kile chumba cha juu ya tanuri.

Nimempatia msimamizi wangu habari yote, safari hii bila kuona haya, naye amenipa ruhusa. Ijumaa nitakuwepo wakati wa kutolewa bandeji. Nitakuwa nimekishika kile kitambaa mbele yako, mama, ili uione kazi yake: pindo jembamba, mishono imelala upande wake yeye, na mafundo yote yale. Utasema ni mengi mno. Yahesabu hata hivyo, kwa niaba yetu sisi tuliobaki.

Nisalimie wote wanaoniulizia hapo nyumbani. Mwambieni mshona viatu nitampitia, soli ya kushoto imeanza kuachia. Barua kwa mwoka mikate nitaiandika usiku wa leo, na safari hii nina cha kumwambia. Najua ulinifundisha kufunga uzi kwa kurudi nyuma mara mbili, lakini leo nisamehe, mama, mwisho wa barua hii nimefunga fundo.

Ni mimi mwanao, kitindamimba,
yule asiyevaa kastabani.